Mazishi Yasiyo na Sauti

Mama Wakesho hakumzika mwanawe. Siku Hillary aliposhushwa kaburini pale Marungu, nyuma tu ya jiko la mamake, mama mwenyewe alikuwa amelazwa hospitalini Voi, nyonga imevunjika, na daktari alikuwa amekataza katakata asisogezwe. Mwaka ulipopita na mguu ukaanza kumtii, alimwambia mkaza mwanawe, Nanzala, mjane wa Hillary, neno moja tu: alitaka kuona jinsi mtoto wake alivyozikwa.

Video ilikuwapo. Wenzake Hillary wa kazini, kule stesheni, walikuwa wamemlipa mpiga picha. Nanzala, mwalimu wa shule ya msingi mjini Voi, aliihifadhi kwenye laptop yake na hakuwahi kuifungua. Jeneza angeweza kulitazama. Asioweza kuutazama ulikuwa uso wa Titus.

Titus, kaka mkubwa wa marehemu, ndiye aliyesema kwa niaba ya familia. Alishika maikrofoni akawaambia waombolezaji kwamba walifichwa ugonjwa wa ndugu yao; kwamba figo za Hillary zilianza kushindwa zamani, na aliyejua alikuwa mmoja, naye akanyamaza mpaka mwili ukaletwa nyumbani. Hakutaja jina. Hapakuwa na haja. Tangu siku hiyo Nanzala akifika Marungu huacha sukari na unga, huketi kidogo, kisha hurudi Voi jua likiwa bado kali. Mama mkwe hakuwahi kumwuliza sababu, na hakuna aliyethubutu kumwambia yaliyosemwa uani mwake.

Jumamosi hiyo alikuja na laptop mkobani. Macho ya Mama Wakesho yalikuwa yameingia ukungu, na kwenye kioo kidogo kama kile asingemtambua mtu. Safari iliyotangulia Nanzala alikuwa amejaribu flashi, televisheni ikaikataa. Kwa hiyo alinunua waya wa HDMI Voi.

Aliisogeza televisheni mbele, akapapasa mgongoni mwake hadi akapata tundu lililolingana na ncha ya waya, akachomeka. Ncha ya pili akaiingiza ubavuni mwa laptop. Kioo kikabaki cheusi. Akachukua rimoti, akatafuta mahali pa kuchagua waya unakoingilia, akajaribu HDMI ya kwanza, kisha ya pili. Bado. Halafu akakumbuka wanavyofanya shuleni na projekta: akabonyeza vitufe viwili kwenye laptop, akachagua picha ionekane kotekote. Televisheni ikapepesa, na mara ua wa Mama Wakesho ukatokea mbele yake, umejaa mahema na viti vya plastiki.

Mama akasogea ukingoni mwa kiti. Alimwona Elsie wa kwaya, akasema amekonda. Alimwona Mwandawiro, akashangaa kwamba alitoka Taveta na mguu wake ule. Aliwahesabia wema mmoja mmoja, kama aliyekuwa amesimama mlangoni akiwapokea. Kisha akageuka.

"Mbona hawasemi?"

Nanzala alijua sababu. Picha ilikuwa imepita kwenye waya, lakini sauti ilibaki kwenye laptop, na spika za laptop zilikufa kitambo. Ilitosha kugusa alama ya spika pale chini na kuchagua televisheni. Ilitosha vilevile kusema kwamba mpiga picha hakurekodi sauti. Mama angesadiki. Angetazama, angelia machozi yake yakaisha, na neno la Titus lingebaki limezikwa pamoja na Hillary.

Lakini mwanamke huyu alikwisha kufichwa mara moja. Nanzala aliona kwamba akimficha tena, siri hii ya sasa haitakuwa ya kutimiza ahadi aliyompa mtu. Itakuwa yake mwenyewe.

"Ngoja kidogo, mama," akasema, akachagua televisheni.

Kwaya ikajaa chumbani. Mchungaji akaomba. Kisha Titus akasimama na maikrofoni, akasema yote. Mama Wakesho akainua mkono, na Nanzala akaisimamisha video. Uso wa Titus ukabaki pale, mdomo wazi nusu.

"Anamsema nani?"

"Ananisema mimi, mama."

"Ni kweli?"

"Ni kweli. Nilijua tangu mwanzo. Hillary aliniapisha. Alisema wewe una presha, atakuja kukwambia mwenyewe akipata nafuu."

Mama alikunja pindo la leso, akalikunjua, akalikunja tena. Nje mbuzi walikuwa wakirudi.

"Basi mlinihurumia," akasema mwishowe, "mpaka mkaninyima kumuaga."

Hapakuwa na hasira katika sauti yake, na hilo ndilo lililomchoma Nanzala zaidi.

Mama akaomba simu, akampigia Titus, aliyekuwa shambani upande wa chini. Alifika na vumbi miguuni, akagutuka mlangoni kukutana na uso wake mwenyewe kwenye televisheni. Mamake akamwambia aketi, kisha akamwambia Nanzala arudie maneno yake. Nanzala akayarudia, pamoja na kile kiapo.

Titus alikitazama kioo, kisha akamgeukia Nanzala. "Mbona hukusema siku ile?"

"Ungenisikia?"

Alijipangusa uso kwa kiganja, akakiri kwamba asingemsikia. Kisha akasema kwa sauti ya chini jambo ambalo hakuna aliyelijua: alipoiweka maikrofoni chini aliteremka korongoni, akakaa huko mpaka watu wakatawanyika. Mchanga kaburini hakutia. Hakumwona ndugu yake akishushwa.

Mama Wakesho akamgeukia. Mwaka mzima alidhani ni yeye peke yake aliyekosa kumzika Hillary.

"Kumbe tuko wawili," akasema, kisha akamtazama Nanzala. "Endelea, mwanangu. Wewe ndiye uliyekuwapo."

Nanzala akaiachilia video. Pale palipokuwa na makelele aliwaeleza: nani alishika kamba, wimbo ule nani aliuanzisha, kwa nini mchungaji alisita kidogo. Hakuharakisha. Jeneza lilipoanza kushuka, Titus alisimama, akavua kofia. Mamake naye akanyoosha mkono, na Nanzala akamshika, akamwinua polepole kwa ajili ya nyonga ile, wakasimama wote watatu mbele ya televisheni mpaka udongo ukajaa.