Nyuma ya Goli la Wenyeji

Gazeti letu linauzwa nchi nzima, lakini kurasa zake za michezo zinaishia pale lami ya jiji inapoishia. Timu ya mkoani kwetu ikishinda, inapewa mistari miwili chini ya tangazo la magodoro. Mshambuliaji wake ni mdogo wangu, ana mabao kibao msimu huu, na mama yetu hajawahi kumwona gazetini hata kisigino. Kila akinipigia simu ananiuliza mimi mpiga picha kazi yangu hasa ni nini. Naona aibu.

Siku timu hiyo ilipokuja kucheza na vigogo wa jiji, sisi wapiga picha tulifanya kama kawaida yetu: wote tukajipanga nyuma ya goli la wageni, maana huko ndiko mabao yanakotarajiwa. Baada ya mapumziko timu zikabadilishana magoli, na wenzangu wakabeba vigoda vyao wakalifuata goli la wageni upande wa pili. Mimi nikabaki, sasa nyuma ya goli la wenyeji. Mmoja akaniuliza kama jua limenipanda kichwani.

Nilikuwa peke yangu pale mdogo wangu alipomtoka beki, akamlaza kipa chini na kufunga bao pekee la mchezo. Wenzangu waliondoka na picha za washambuliaji wa jiji wameshika viuno.

Ofisini, mhariri wa michezo, shabiki wa jiji hadi kwenye soksi, aliitazama picha yangu kama anayetazama jipu. Akaniagiza nimkate mfungaji, abaki kipa tu, na kichwa cha habari kitausifu ushujaa wake.

"Mzee, shujaa gani amelala?" nikamwambia. "Mfungaji akiondolewa, na picha naiondoa. Weka hao walioshika viuno."

Akapiga simu huku na huku kutafuta picha nyingine ya bao. Hakuna aliyekuwa nayo. Mwishowe akasonya, akaipitisha yangu nzima nzima, tena ukurasa wa mbele.

Asubuhi mama akapiga simu. Nikakaa mkao wa kusifiwa.

"Mwanangu amekonda hivi?" akasema. "Ndiyo maana walikuwa wanamficha."

Tukacheka sana. Kisha nikamsikia akipenga kamasi. Akaniambia nisikate simu kwanza, akaanza kunisimulia ile picha tangu viatu hadi nywele, mimi niliyeipiga, nami nikamsikiliza mpaka mwisho huku machozi yananitoka.