Jina la Mwenye Nyumba

Papa Stanislas, mwenye nyumba wetu, hakutuzoea. Lakini baba, fundi wa reli, alipopanda treni ya kwenda Sakania, mwenye nyumba huyo alikuja na samaki mukavu, amefungwa vizuri katika gazeti. Mama alimupokea samaki kwa mikono miwili, kama inavyofaa, akamuweka juu ya kabati. Hakumupika. Hata paka alipomunusa samaki yule, mama alimufukuza.

Mama alikuwa amejifungua juzi tu. Kesho yake Papa Stanislas akarudi na kamba, akapima dirisha letu. Akasema mulango iko mubovu, anaupeleka kwa seremala. Ubovu gani? Bawaba zake nilizipaka mafuta ya ngazi, yaani mawese, mimi mwenyewe. Akaung'oa, akaondoka nao kichwani. Mama akatundika kitenge mahali pake, akakaa nyuma yake na mutoto, mwiko mkononi.

Jirani yetu, Mama Clotilde, akaleta habari za bombani: karani mumoja, Émile, anashonesha pazia, na kipimo amekipata kwa Papa Stanislas; ndiye ataingia nyumba yetu. Akamushauri mama aende tribinali ya sité, baraza la mutaa wetu, kwani muntu aliyelipa mwezi hatolewi katikati, tena mwenye nyumba anapaswa kumuambia mbele ya bashahidi. Mama alilijua hilo. Lakini tribinali ilikaa Jumatatu, na hii ilikuwa Ijumaa. Nyumba bila mulango haingoji baamuzi.

Jumamosi asubuhi Papa Stanislas akafika na pusupusu, mukokoteni wa kubebea makaa, anacheka na meno yote. Alikuja kutusaidia kuhamisha vyombo, eti dada yake ana chumba kizuri kwa ajili yetu. Mama akamuuliza bashahidi wako wapi. Akajibu kwamba shahidi wake ni nyumba yake. Kisha, kwa heshima ya bantu, akainama kumuangalia mutoto, akauliza jina.

Mutoto hakuwa amepewa jina bado. Baba alikuwa amesema, mutoto akiwa mwanaume, ni Faustin, jina la marehemu babu.

"Jina yake Stanislas," mama akasema.

Papa Stanislas akaachilia pusupusu. Kwetu, mutoto mwenye jina lako ni majina yako, ni wewe mwenyewe. Ukimutupa inje, umejitupa. Akamukazia mama macho. Na Mama Clotilde alikuwa pale ukutani, ndoo tupu mkononi, karibu kurudi bombani.

"Nani alikuambia kumuita vile?"

"Ni shukrani, papa. Si ulituletea samaki? Sasa majina yako atalala bila mulango?"

Alasiri mulango ukarudi kichwani mwake. Mama hakumushukuru. Alimuacha aufunge, aufungue, aufunge tena, akakagua kila skurubu kwa kidole. Ndipo akanituma kumushusha samaki.

Baba aliporudi akanung'unika: "Tulisema Faustin."

"Faustin hana nyumba," mama akajibu, akamupakulia ugali.