Gari Limegoma Mbele ya Gereji

Kati ya mahali pote ambapo gari la mzee Rwegoshora lingeweza kufia, lilichagua kufia mbele ya gereji ya Adelard, hapa Ihembe, saa nne asubuhi, watu wote wakitazama. Mzee alikuwa amesimama dukani kwa Vero, ng'ambo ya barabara, kununua kreti ya soda. Alizima gari, akanunua, akapakia, akarudi kwenye usukani. Akazungusha ufunguo. Tik. Akarudia. Tik. Basi, hakuna kingine.

Joviana alikuwa amechuchumaa gerejini akisugua plagi ya pikipiki. Aliisikia ile tik, akainua kichwa. Gari lile alilijua tangu yuko darasa la pili, na mwenye gari alimjua zaidi. Ni baba yake mzazi.

Na hapo ndipo palipokuwa na kazi. Miezi kumi na minne mzee huyu alikuwa hajaitikia shikamoo ya binti yake. Miezi kumi na minne, jamani! Tangu siku Joviana alipoacha chuo cha uuguzi akiwa mwaka wa pili, akarudi nyumbani na begi lake, akasema hataki sindano, anataka spana. Mzee alikuwa ameshaitangazia parokia nzima kwamba ana nesi. Hakumpiga, hakumfukuza. Alinyamaza tu. Kila asubuhi Joviana alipiga goti mlangoni, "Shikamoo baba," na mzee akatazama migomba yake kana kwamba hapakuwa na mtu. Kuna watakaosema ni jambo dogo. Hao hawajawahi kunyimwa marahaba na mzazi wao.

Akatoka na grisi yake mikononi, akavuka barabara, akapiga goti kwenye vumbi mbele ya wateja wa Vero.

"Shikamoo baba."

Mzee akapeleka macho juu ya kichwa cha binti yake, hadi kwa Adelard, aliyekuwa amelala chini ya lori upande wa pili. "Adelard! Gari imegoma. Saa nane natakiwa niwe nimefika Kibingo. Tunapeleka posa ya kijana wetu Cassian, na msemaji ni mimi."

Nyuma ya gari yalikuwa yamepangwa madumu manne ya rubisi, pombe ya ndizi, yamezibwa kwa majani ya mgomba, na harufu yake ilishafika hadi dukani. Upande wa bibi harusi hawezi kwenda msemaji bila rubisi, wala haiwezi kwenda rubisi bila msemaji. Vyote viwili vilikuwa vimekwama Ihembe.

"Mzee, mimi nimebeba giaboksi kifuani," Adelard akajibu kutoka uvunguni. "Fundi wako ni huyo hapo."

"Hakuna mwingine?"

"Hakuna."

"Basi nisukumeni."

"Hiyo ni otomatiki, mzee. Hata wakikusukuma mpaka Kyerwa haiwaki."

Vijana wa dukani wakalisukuma hadi uani mwa gereji. Mzee akashusha kreti yake ya soda, akaikalia, akakunja mikono. Joviana alikuwa na miezi mitano tu ya ufundi, na kati ya hiyo, miwili alikuwa akiosha vyuma kwa mafuta ya taa. Akafungua boneti. Aliishika spana, akaiacha, akaishika tena. Kichwani lilikuwa linazunguka jambo moja. Likiwaka, ataitikia. Itambidi aitikie. Lisipowaka, ndiyo basi tena, atakuwa amemthibitishia kwa mkono wake mwenyewe.

Akaanza na betri, maana kila mtu huanza na betri. Akaichomoa, akaweka ya Adelard iliyojaa moto. Akazungusha ufunguo. Tik. Taa za dashibodi zikafifia kama za kibatari. Akachukua spana kubwa, akaingia uvunguni, akaigongagonga selfu, ile mota ya kuwashia, maana alishamwona Adelard akifanya hivyo na magari yakawaka. Akatoka, akajaribu. Tik.

"Nesi, mtundikie dripu!" Vero akapiga kelele kutoka dukani, na watu wakacheka. Mzee hakucheka. Lile neno nesi lilimchoma, Joviana aliona shingo yake ikikaza.

"Selfu hiyo!" Adelard akaamuru bila hata kuchungulia. "Imekufa. Ishushe!"

Haya, akaishusha. Bolti mbili, moja ilikuwa imeshika kutu kama imechomelewa. Akachubuka vidole viwili, vumbi likamwingia machoni, jua nalo likapanda. Simu ya mzee ikaita. "Niko njiani," mzee akasema, akiwa amekalia kreti. Ikaita tena. "Njiani, njiani, tumeshakaribia." Joviana alisikia uongo ule akiwa uvunguni na jasho likamtoka upya. Baba yake hakuwa mtu wa kudanganya.

Akailaza selfu chini, akaikanyaga kwa mguu, akaiunganisha moja kwa moja na betri kwa nyaya mbili nene. Ikanguruma ikatikisika, nusura imponyoke. Nzima! Nzima kabisa, na amepoteza saa nzima na ngozi ya vidole kwa kitu kizima. Alitamani kulia, alitamani kumtupia Adelard spana ya kichwa. Akairudisha selfu mahali pake. Kisha akasimama katikati ya uwanja akitembea huku na huku, hatua tano kwenda, hatua tano kurudi, akijiuliza kwa sauti ya chini. Betri ina moto. Selfu inazunguka. Sasa moto unapotelea wapi katikati?

Akamgeukia baba yake, akapiga goti tena. "Baba, asubuhi inawaka?"

Mzee akamwambia Adelard, "Mwambie huyo mtu wako, asubuhi ikiwa na umande inawaka vizuri. Jua likishakausha, inagoma."

"Anasema asubuhi inawaka," Adelard akapokea kutoka uvunguni.

"Nimesikia," Joviana akasema.

Umande. Chuma gani hicho kinachopenda umande? Akarudi kwenye boneti, akashika waya wa hasi wa betri, ule unaorudisha moto kutoka kwenye injini na bodi. Akaufuata kwa kidole, taratibu safari hii, ukashuka chini ya kibao cha betri, ukaingia kwenye tope gumu. Akalikwangua tope kwa bisibisi. Mahali ambapo palitakiwa kuwa na bolti hapakuwa na bolti. Palikuwa na kamba ya mgomba.

Kavu, ya kahawia, imesokotwa vizuri, imeukandamiza waya kwenye chuma. Ikilowa umande inakaza, waya unagusa. Ikikauka inalegea. Lakini kilichomsimamisha Joviana ni fundo lenyewe. Mizunguko mitatu, ncha imerudishwa chini na kuvutwa kushoto. Ndivyo inavyofungwa miti ya kuegemeza migomba iliyoelemewa na mikungu, na mtu aliyemfundisha fundo lile, akiwa na miaka saba shambani, alikuwa amekaa pale kwenye kreti.

Akainua macho. Mzee alikuwa anamtazama. Anamtazama yeye hasa, siyo migomba.

Wangecheka, hao wa dukani. Msemaji wa posa, mzee wa kanisa, anafunga gari kwa kamba ya mgomba kama anafunga mbuzi! Hadithi hiyo ingemtangulia kufika Kibingo. Joviana alikuwa na miezi kumi na minne ya uchungu kifuani, na neno moja tu lingetosha kuilipa yote. Akakata fundo, akaikunja kamba kiganjani, akaitia mfuko wa ovaroli. Akasugua kutu kwa msasa mpaka chuma kikang'aa, akatafuta bolti kwenye kopo, akakaza mpaka mkono ukamuuma, kisha akairudisha betri ya baba yake.

Akaketi kwenye usukani. Akazungusha ufunguo, na gari likawaka palepale, likaunguruma kana kwamba halijawahi kugoma maishani mwake.

"Si nilisema selfu!" Adelard akashangilia kutoka uvunguni.

Joviana akashuka, akafunga boneti, akafuta mikono. Dukani wakapiga makofi mawili matatu. Mzee akainuka, akapakia kreti, akaenda kwenye mlango wa gari. Hapo akasimama.

"Si selfu," akasema.

"Eti nini, mzee?"

"Si selfu, Adelard. Ni kamba ya mgomba." Alisema kwa sauti yake ya kanisani, hadi Vero akaacha kupima sukari. "Bolti ilidondoka miezi minne iliyopita. Nikafunga kwa kamba, kwa sababu sikutaka kuja hapa. Yeye ameiona, ameificha mfukoni asinifedheheshe."

Vero akacheka mpaka akashika meza. "Mzee Rwegoshora! Kamba ya mgomba!"

"Cheka, Vero. Cheka umalize."

Akaingia ndani, akafunga mlango, akashusha kioo. Ilikuwa inakaribia saa saba. Simu iliita akaiacha iite. Joviana alikuwa amesimama kando, mkono mfukoni, ameishika ile kamba kwa nguvu.

"Marahaba," mzee akasema.

Joviana akababaika. "Baba, sijakuamkia."

"Umeniamkia asubuhi." Mzee alikuwa anatazama barabara. "Na jana. Na juzi. Nilikuwa nasikia."

Akaingiza gia, gari likatoka uani polepole na madumu yake, likakata kona ya duka kuelekea Kibingo. Adelard akaita kutoka chini ya lori, aletewe spana namba kumi na saba, haraka. Akaita mara tatu kabla Joviana hajasikia.