Mwanamke Aliyetokea kwa Mafuta

Pacifique alipoambiwa kwamba mkewe ameachiwa urithi na mzee wa Kizungu wa miaka tisini na moja, neno la kwanza lililomtoka halikuwa pole wala hongera. Aliuliza, "Kwa nini wewe?"

Hélène alikuwa amemtunza Mzee Cornelis kwa miaka minne kule mtaa wa Bez Valley, mwendo wa nusu saa kwa miguu kutoka nyumba yao ya kupanga mtaani Troyeville. Alimwogesha, alimlisha, alimsomea barua zake. Mzee alipokufa mwezi wa sita, wanawe walikuja kutoka Cape Town wakagawana vyombo na samani, na mwanasheria akamkabidhi Hélène picha moja iliyofungwa kwa blanketi. Ilikuwa picha kongwe ya mandhari, kazi ya mchoraji mmoja Mholanzi aitwaye Joost van Ellekom, ambaye hata Waholanzi wenyewe wengi hawamjui. Ilikuwa na mto, miti, na anga kubwa la mawingu. Sehemu yote ya chini ilikuwa nyeusi tii kwa moshi wa jiko la makaa lililowaka karibu yake tangu enzi za babu yake Mzee Cornelis.

Hélène aliitundika sebuleni, juu ya cherehani ya mumewe.

Sasa, Pacifique alikuwa fundi mzuri wa nguo na mtu wa kanisa, hanywi wala hagombani. Lakini wivu, Mungu amsamehe, ulikuwa maradhi yake. Akiwa anashona aliinua macho, akaiona ile picha, akajiuliza. Watu huachia watumishi wao saa, huwaachia makoti. Picha ya ukoo mtu anamwachia mke wa mwenzake kwa sababu gani? Akakumbuka kwamba Hélène alikuwa akichelewa kurudi siku za Ijumaa. Akakumbuka na manukato. Manukato alimnunulia mwenyewe, Krismasi iliyopita, lakini hilo hakutaka kulikumbuka.

Hakusema wazi. Alimwita Mama Orpha, kiongozi wa maombi kanisani kwao, akamwambia nyumba imekuwa nzito tangu kile kitu kiingie. Mama Orpha hakuhitaji kubembelezwa. Alikuja Jumamosi na chupa ya mafuta ya upako, akapaka milango, akapaka cherehani, kisha akamimina ya kutosha kwenye kitambaa na kuisugua picha kama anasugua sufuria, huku akikemea.

Kitambaa kikatoka cheusi. Na pale chini, kando ya mto, akatokea mtu.

Alikuwa mwanamke ameinama na ndoo, kichwani amefunga kitambaa cheupe, uso ameugeuza kuwatazama walio chumbani. Uso wenyewe ulikuwa bado umeshika masizi.

"Yesu!" Mama Orpha akaruka nyuma. "Hapa hapakuwa mutu! Papa Chloé, hapakuwa mutu! Ile kitu muichome leo leo!"

Mama Orpha aliona pepo. Papa Chloé, yaani Pacifique, kwa jina la binti yao, alimwona mkewe. Kitambaa cha namna ile ndicho Hélène alichofunga kila siku kwenda kazini. Na kule kuinama, na shingo ile!

Hélène aliporudi kutoka sokoni alimkuta amesimama mlangoni.

"Mama Chloé, ule muzee alikuchora?"

Hélène akatua mfuko wa viazi. Aliitazama picha muda mrefu, machozi yakamlengalenga, halafu akacheka. "Kumbe alikuwa kweli!"

"Nani alikuwa kweli?"

"Ule mwanamuke! Muzee alikuwa anasema mama yake alimuonyesha mwanamuke kando ya maji, kabla moshi imufunike. Kila siku ananiuliza: Hélène, angali pale? Mi najibu: ndiyo, angali pale. Sikuwa naona kitu, Pacifique. Lakini muzee alikuwa kipofu, sikutaka kumuvunja roho."

"Kipofu."

"Kipofu kabisa. Sasa kipofu anachora mutu namna gani?"

"Analipa mwenye kujua kuchora."

Ndivyo alivyokuwa: kila jibu alilopewa aliligeuza swali. Hapo Hélène aliacha kucheka. Alhamisi alikuwa na miadi ya kupimiwa thamani ya picha Sandton, kwenye kampuni ya mnada, na Mkenya mmoja mtaalamu wa picha za kale.

"Tutaenda wote wawili," alisema. "Atatuambia ule mwanamuke ana miaka ngapi. Kama ni mimi, nitafunga mizigo yangu nirudi kwetu Uvira. Lakini kama si mimi, utaniomba musamaha mbele ya Mama Orpha."

Miaka kumi na miwili ya ndoa ikawekwa mikononi mwa mwanamke mwenye ndoo.

Pacifique hakuweza kungoja Alhamisi. Jumatano, Hélène alipokwenda kumchukua Chloé shuleni, alishika wembe wa kufumulia mishono. Alijiambia ni jaribio tu: rangi ya zamani itakuwa ngumu, rangi ya juzi itabanduka. Angeweza kujaribu kwenye mti, au kwenye ndoo. Wembe ulikwenda usoni. Rangi ikatoka kama unga, chembe kwa chembe. "Si unaona!" akajisemea, akaendelea kukwangua mpaka turubai tupu ikaonekana. Kisha akaliziba doa kwa dawa ya viatu, akarudi kwenye cherehani, na kwa mara ya kwanza tangu mwezi wa sita alishona huku akiimba.

Mtaalamu aliitwa Moraa, mwanamke mpole mwenye miwani na glavu. Aliilaza picha mezani, akavuta pazia, akaipitisha taa yake polepole. Pacifique alikaa kwa raha zake, mguu juu ya mguu.

"Huyu mama amekuwepo tangu mwanzo," Moraa alisema. "Mnaona hii mipasuko midogo? Inaanzia mawinguni, inashuka mtini, inapita katikati ya gauni lake bila kukatika. Angeongezwa baadaye, rangi yake ingeifunika. Ana miaka kama mia tatu na sitini."

Pacifique akashusha mguu.

"Masikitiko ni hapa usoni," Moraa akaendelea. "Amekwanguliwa kwa kitu chenye makali, na si zamani, ni wiki hii. Halafu mtu akapaka dawa ya viatu. Samahani, lazima niandike kwenye ripoti. Ni nani aliyefanya?"

Hélène alimgeukia mumewe.

"Nilitaka kujua kama rangi ni mupya," alisema Pacifique.

"Ulizani ni nani, ule mwanamuke?"

"Mama Chloé, tutaongea nyumbani."

"Nakuuliza hapa. Wakati ulikamata wembe, ulizani uko unakwangua sura ya nani?"

Moraa akafungua droo, akajifanya anatafuta kitu.

"Yako," Pacifique alisema.

Aibu ikampanda mpaka masikioni. Hélène aliweka kiganja kwenye shavu lake mwenyewe. Kisha akasogeza kiti chake mbali na cha mumewe, akamtajia Moraa jina la mumewe aliandike kwenye ripoti, herufi kwa herufi.