Mshale Uliofutwa

Kwa miaka thelathini na mitano watu walimwita Timazi, kama ile kamba ya mafundi ya kupimia wima, na jina hilo halikuwa la kejeli. Ukuta aliousimamisha haukuinama, mlango alioufunga haukukwaruza sakafu. Seremala huyu alizisikia sifa zake mpaka akaziamini, na hapo ndipo shida ilipoanzia. Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji.

Nyumba ilikuwa ya binti yake, mtoto wake wa pekee. Binti aliitaka sebule pana isiyo na nguzo katikati, kwa hiyo ghorofa yote ya juu ilibidi ibebwe na boriti moja ya mita saba: mbao tisa zilizounganishwa kwa gundi, moja juu ya nyingine. Boriti ya namna hii haipinduliwi. Mbao zake ngumu ndizo hukaa chini, maana huko chini ndiko mzigo unakovuta na kutaka kupasua. Kwa macho tu ni vigumu kuzitofautisha, ndiyo sababu kiwanda kilikuwa kimechora mshale ubavuni, katika kila ncha, na kuandika JUU.

Binti akasema maandishi yale yatamharibia sebule. Baba akacheka, akachukua msasa, akayafuta kwa mkono wake mwenyewe. Siku mbili yeye na msaidizi wake wakaipaka vanishi, wakiigeuza na kuigeuza tena ili kila upande ukauke. Asubuhi ya kuipandisha, winchi ikiwa tayari na viatu vya chuma vya kuipokea vimeshafungwa ukutani, msaidizi wake akamuuliza juu ni wapi. Timazi alimtazama kama mtu aliyetukanwa. Akaonyesha kwa kidole bila kufikiri. Boriti ikapanda, boliti zikapenya, spana ikazikaza mpaka zikalia. Kazi ilipendeza, tusimnyime mtu haki yake.

Tangu binti na mumewe wahamie, mzee alikuwa na utani wake. Kila akiingia alisimama chini ya boriti, akashika kichwa na kupiga kelele, "Kimbieni, inaanguka!" Nyumba nzima iliangua kicheko, naye akicheka kuliko wote.

Jumamosi moja alimkuta mkwewe amefunga tangi la maji ghorofani, la lita elfu mbili, katika chumba cha katikati, juu ya boriti. Maji yalikuwa yakiingia tangu asubuhi. Mzee hakuwa ameulizwa, na kwa nini aulizwe, wakati ni yeye aliyekuwa akitamba kwamba boriti ile inabeba lori? Binti alikuwa juu akimlaza mtoto. Mzee akakaa kwenye kigogo kilichowekwa karibu na mlango, avue viatu.

Kigogo hicho kilikuwa kipande cha boriti ile ile. Alikikata mwishoni kabla ya kupiga msasa, binti akakiomba kiwe kiti. Mzee alikuwa amekikalia mara nyingi. Leo jua la dirishani lilikipiga ubavuni, akauona mshale ukielekea juu. Akaona pia tabaka moja lenye rangi ya chai, la pili kutoka chini. Akainua macho hadi kwenye boriti. Tabaka la rangi ya chai lilikuwa la pili kutoka juu.

Alihesabu tena kwa kidole, kisha mara ya tatu. Akasogea hadi chini ya boriti, na kwenye ubao wa chini kabisa, ambao ulipaswa kuwa wa juu, akaona ufa mwembamba kama unywele, wenye urefu wa kiganja. Majuto ni mjukuu, na mjukuu wake mwenyewe alikuwa akilazwa juu ya kosa lake. Huko ghorofani maji yaliendelea kumiminika kwa sauti nzito, sauti ya chombo kinachokaribia kujaa.

Alimwambia mkwewe, aliyekuwa pale sebuleni, akafunge maji upesi. Mkwe, mtu mtiifu, akapanda ngazi bila kuuliza, maana koki ilikuwa huko huko, ubavuni mwa tangi. Kisha mzee akamwita binti yake ateremke na mtoto. Binti akajibu kwamba mtoto ndiyo kwanza anasinzia.

"Teremka, inaanguka!"

Kicheko kikamjibu kutoka juu, kile kile cha siku zote. Akaita tena kwa nguvu zaidi, akachekwa zaidi. Ufa ulikuwa umefika urefu wa mkono. Timazi aliogopa kuliko alivyowahi kuogopa maishani. Kulikuwa na neno moja ambalo hakuwa amelitamka tangu aanze kazi.

"Mama," alimwita binti yake, "nimekosea. Niliufuta mshale, nikaiweka kichwa chini. Pita kando ya ukuta, usikanyage katikati."

Kicheko kikakatika. Hakuna aliyewahi kumsikia akisema vile. Akasikia nyayo za binti zikifuata ukuta polepole, naye akazihesabu mpaka zikafika ngazini. Binti akatokea na mtoto kifuani, uso umempauka. Mzee akampokea mtoto. Aibu ilikuwepo, lakini hakuijali tena. Akamsukuma binti kuelekea mlangoni.

Binti hakutoka. Alikuwa ametazama dari, akisikiliza maji, ambayo bado yalikuwa yanamiminika. Akaanza kumwita mumewe, lakini kule alikokuwa, katika kelele za tangi, mtu hakusikia neno. Labda alikuwa amekisikia kile kicheko tu.

"Baba, koki imekwama," mkwe aliita kutoka juu bila wasiwasi wowote, na hatua zake zikasikika akilizunguka tangi. "Nipandishie spana. Na usiniambie inaanguka."

Alikuwa bado anacheka boriti ilipolia.