Chumba Alicholala Malkia

Nyumba ile ya wageni ilikuwa na vyumba kumi na kimoja, na kumi kati ya hivyo vilikuwa juu. Chini palikuwa na mapokezi, ukumbi wa kulia, jiko, chumba cha kupigia pasi na Chumba Namba Moja. Katika Chumba Namba Moja hakuwa amelala mtu kwa miaka ishirini na miwili. Mlango wake uliachwa wazi mchana kutwa, kamba nyekundu ikiwa imefungwa kutoka mwimo hadi mwimo, ili watu watazame bila kuingia: kitanda kilichotandikwa shuka jeupe, bilauri iliyofunikwa kwa kisahani, kitana cha pembe juu ya meza, na ukutani picha ya mwimbaji ambaye watu wote walimwita Malkia.

Mwenye nyumba alijulikana mtaani kwa jina la Mzee Karibu, kwa sababu alianza kulitamka neno hilo kabla mgeni hajafungua mlango wa gari. Alikuwa na utaratibu asiouvunja. Kila asubuhi, wageni walipokaribia kumaliza chai, alisimama karibu na kabati la vyombo, akakohoa mara mbili, kisha akaanza kukumbuka. Kwanza alimkumbuka bondia aliyeitwa Nyundo, aliyelala humo kabla ya pambano lake kubwa. Baada ya bondia alikuja waziri, ambaye kwa maelezo ya Mzee Karibu alimwomba ushauri. Mwisho alikuwa Malkia. Mvua iling'oa daraja, Malkia akakwama hapo siku kumi na moja na kundi lake lote la muziki, na siku ya kuondoka alilia. Hapo Mzee Karibu aliwaongoza wageni hadi kwenye kamba, akasema kwa sauti ya chini, "Alilala hapa."

Mkewe hakuwamo katika kumbukumbu hizo. Kwa miaka thelathini alikuwa amefua mashuka ya nyumba nzima, akayaanika uani, akayapiga pasi, akayapandisha juu. Mwaka huo, akishuka ngazi na beseni la mashuka mabichi kichwani, aliteleza na kuvunjika nyonga. Daktari alisema maneno mawili ambayo yeyote angeyaelewa: asipande ngazi, asishuke ngazi. Alihitaji chumba cha chini, chenye choo karibu.

Siku aliporuhusiwa kutoka hospitali, Mzee Karibu na mpishi walimkalisha kwenye kiti, wakambeba mpaka chumbani kwao, ambacho kilikuwa cha mwisho kabisa huko juu. Tangu siku hiyo zilikuwa zimepita wiki tisa. Huko juu hakukuwa na choo; chake kilikuwa ndoo nyuma ya pazia. Alimwomba mumewe kitu kimoja tu, na kila siku alikiomba kwa maneno yale yale: "Baba, nipe Chumba Namba Moja. Sitaki kingine."

Binti yao, aliyekuwa mshonaji wa nguo, alikuja kila Jumapili kumwogesha mama yake. Yeye mwenyewe aliishi ghorofa ya tatu katika chumba cha kupanga, pamoja na mume, mama mkwe na watoto wanne, na ngazi za kufikia mlango wake zilikuwa arobaini na nane. Jumapili moja alishuka na ile ndoo mkononi, akasimama mbele ya baba yake pale mapokezi.

"Baba, mama anahamia chini lini?"

"Chini wapi?"

"Chumba Namba Moja. Kwani kuna kingine?"

"Kile si chumba, mwanangu. Ile ni kumbukumbu."

"Kumbukumbu yenye choo ndani!"

"Punguza sauti, wageni wanakula." Mzee Karibu alifunga daftari la mapokezi polepole. "Nikimweka mama yako mle, kesho nitawaonyesha watu nini? Magongo na ndoo?"

"Utawaonyesha mkeo."

"Mke kila mtu anaye," alisema Mzee Karibu, akaenda kumpokea mgeni.

Mwezi uliofuata ilikuja barua kutoka redioni. Walikuwa wanaandaa kipindi kuhusu watu waliowahi kuwapokea mashuhuri nyumbani mwao, na mtangazaji angefika Alhamisi. Mzee Karibu aliisoma barua ile mbele ya wageni asubuhi tatu mfululizo. Alinyoa, akapeleka suti kwa dobi wa mtaa wa pili, maana nyumbani hakukuwa tena na wa kupiga pasi vizuri.

Huko juu, mkewe alimwita binti yake akae kitandani.

"Nikwambie kitu. Malkia hakulala Chumba Namba Moja hata siku moja."

"Mama!"

"Alichungulia tu. Pale mbele kulikuwa na maegesho ya malori wakati ule, honi moja kwa moja. Hata mkoba hakuushusha begani. Akasema, mimi natafuta riziki kwa sikio, hapa nitakufa. Na nyumba ilikuwa imejaa kwa sababu ya daraja. Basi tukampa hiki chumba chetu, maana ndicho kimya. Baba yako na mimi tukaenda kulala Namba Moja. Siku kumi na moja."

Binti alijifunika mdomo kwa kanga ya mama yake, mabega yakimtikisika kwa kicheko. "Kwa hiyo watu wote hao, miaka yote hiyo, wanatazama kitanda chako?"

"Na kitana changu. Nilikisahau mezani."

"Na baba anajua?"

"Mwaka wa kwanza alijua. Baadaye akaendelea kusimulia mpaka akasadiki." Alivuta pumzi, maana hata kucheka kulimuuma nyonga. "Nikisema ukweli kwa huyo mtangazaji, chumba kitakuwa chumba tu. Hapo baba yako atakuwa na sababu gani ya kuninyima?"

"Atakuchukia, mama."

"Anichukie nikiwa chini."

Alhamisi mtangazaji alifika, kijana mwenye adabu, kinasa sauti begani. Alimsikiliza Mzee Karibu kwa saa nzima pale ukumbini, akapiga picha kamba nyekundu, kisha akaeleza kwamba kila kumbukumbu huitafutia shahidi wa pili, ndivyo alivyofundishwa kazi.

"Nyumba hii uliiendesha peke yako, mzee?"

"Nilikuwa na mke."

"Pole sana, mzee. Alifariki lini?"

"Yupo juu."

Wakapanda. Mama alikuwa ameegemezwa mito miwili, nywele zimesukwa upya na binti yake, ambaye alisimama dirishani. Mzee Karibu alikaa ukingoni mwa kitanda, akaupapasa mguu wa mkewe kwa upole ambao haukuwa umeonekana wiki zote hizo. Mtangazaji akaweka kinasa sauti juu ya stuli.

"Mama, mzee anasema Nyundo alilala humu kama simba kabla ya pambano."

"Simba gani anaogopa panya? Mimi ndiye niliyemfukuza panya, na Nyundo amesimama juu ya kiti, ameshika suruali."

Mtangazaji alicheka mpaka akasahau swali. Mzee Karibu naye alicheka, kwa meno ya mbele tu.

"Na waziri? Aliomba ushauri?"

"Aliuliza choo kiko wapi. Mume wangu akamshauri apite kushoto."

"Mama watoto," alisema Mzee Karibu, "usimchoshe mgeni."

"Sijachoka," alisema mtangazaji. "Sasa Malkia. Alilala Chumba Namba Moja?"

Mama alimtazama mumewe usoni, akapiga moyo konde. Alieleza yote kwa mpangilio, kama mtu anayekunja shuka: malori, honi, mkoba uliobaki begani, nyumba iliyojaa, chumba kilichobadilishwa. Alitaja hata kitana. Kisha akasema, polepole ili mashine ishike vizuri, "Kwa hiyo Namba Moja ni chumba cha kawaida kama vingine. Malkia alilala humu, juu ya kitanda hiki ninachougulia mimi."

Kilichofuata hakikuwa hasira. Mama alikuwa amejiandaa kwa hasira. Macho ya Mzee Karibu yalianza kutembea: yakaenda dirishani, yakapita kwenye kabati, yakafika kwenye pazia lililoficha ndoo, yakarudi kitandani. Ndivyo alivyotazama kila chumba alipokuwa anafikiria mahali pa kukiweka kitu. Mama aliyaona macho yale, akalishika shuka kwa mikono miwili kabla mumewe hajafungua kinywa.

"Mke wangu anasema kweli," alisema Mzee Karibu. "Nilikuwa natunza siri ya mgeni wangu. Malkia mwenyewe aliniomba nisionyeshe watu chumba chake halisi. Lakini sasa siri imetoka."

"Mwongo!" alisema binti.

Mtangazaji hakumsikia. Alikuwa amesogeza kinasa sauti karibu. "Kitanda ni hiki hiki, mzee?"

"Hiki hiki. Mbao zile zile." Na Mzee Karibu akainuka ghafla kutoka ukingoni, akalinyoosha shuka pale alipokuwa amekaa, kama mtu aliyekosa heshima bila kujua. Kisha akamwinamia mkewe, sauti yake imejaa upendo. "Itabidi ushuke, mama."

Walimshusha kesho yake asubuhi, kwenye kiti kile kile, Mzee Karibu mbele, mpishi nyuma. Kila kidato kilimpenya nyongani, lakini hakulia. Alijiambia kwamba hizo ndizo ngazi za mwisho. Walipofika chini, mpishi aligeuza kiti upande wa kushoto, kuelekea Chumba Namba Moja.

"Kulia," alisema Mzee Karibu.

Kulia kulikuwa na chumba cha kupigia pasi. Hakikuwa na dirisha. Meza ilikuwa imesukumwa ukutani ili godoro lipate nafasi, na mashuka yaliyofuliwa na dobi yalining'inia kwenye kamba, yakimgusa uso kila mlango ulipofunguliwa. Choo kilikuwa ng'ambo ya ua, na ili kufika uani zilikuwepo ngazi tatu. Kwa hiyo ndoo ilishushwa pia.

"Baba, kumbe hapa?" aliuliza mama.

"Uliomba chini. Hapa si chini?"

Binti alipokuja Jumapili, alikuta Chumba Namba Moja kimefungwa, na viatu vya mgeni nje ya mlango. Alimfuata baba yake hadi juu, ambako alikuwa akifunga kamba nyekundu kwenye mlango wa chumba cha mwisho. Picha ilikuwa imekwisha kutundikwa. Bilauri ilikuwa imewekwa mezani, na kando yake kitana.

"Baba, huna haya?"

"Mama yako alisema mwenyewe mbele ya mtangazaji: Namba Moja ni chumba cha kawaida. Chumba cha kawaida ni cha wageni. Tena ndicho bora katika nyumba hii. Kina choo ndani."

"Na hicho kitana ni cha mama!"

Mzee Karibu alikisogeza kidogo, kikae sawa na ukingo wa meza. "Kilikuwa chake. Alikuwa nacho miaka mingapi, mitatu? Malkia amekuwa nacho miaka ishirini na miwili."

Binti alimsukuma kando, akaruka kamba, akakichukua kitana, akashuka nacho. Asubuhi iliyofuata kulikuwa na kitana kipya mahali pale pale.

Baada ya kipindi kurushwa, watu walikuja kwa wingi kuliko zamani. Sauti ya mama haikusikika redioni isipokuwa pale alipotaja panya, na mtangazaji alimtaja kama "mfuaji mzee wa nyumba hiyo". Mzee Karibu aliupanua utaratibu wake. Sasa baada ya bondia, waziri na Malkia, wageni walipokuwa wanarudi chini, aliwageuza kulia, akafungua mlango wa chumba cha pasi bila kubisha.

"Na huyu ndiye aliyemfulia Malkia mashuka. Muulizeni lolote."

Siku ya kwanza mama alikuwa anakunja foronya mapajani. Wageni saba walijipanga mlangoni, na mwanamke mmoja mwenye miwani akainama kidogo. "Shikamoo, bibi. Malkia alikuwa mtu wa namna gani?"

Mama alimaliza kukunja foronya kwanza.

"Alipanda ngazi kwa miguu yake," alisema.

Wakacheka wote. Mzee Karibu alicheka kuliko wote, mpaka akafuta machozi, na jibu lile likampendeza sana. Kuanzia siku hiyo, kabla ya kufungua mlango, huwanong'oneza wageni swali la kuuliza, kisha husimama nyuma yao akingoja. Mama akikawia kujibu, yeye humjibia.