Cheche za Ottilie

Mwenye macho haambiwi tazama; wala asiambiwe ataona nini. Walburga, mshona nguo wa Vienna, alilijua hilo kwa machozi, ndiyo maana kazi ya bintiye ilimnyima raha.

Ottilie aliajiriwa maabara kuhesabu cheche. Hukaa gizani nusu saa macho yazoee, kisha huchungulia kioo kidogo. Kila chembe itokayo kwenye madini yaliyomo kisandukuni ikikigonga, cheche moja.

Jumapili walikula keki ya zabibu kavu.

"Zamani wataalamu walidhani atomu iko hivi," Ottilie akasema, akichokonoa zabibu. "Donge, na vipunje ndani yake. Baadaye wakagundua ni uwazi mtupu, katikati kuna kiini kama kokwa. Sasa Daktari Zwiauer anasema tunalipasua hilo kokwa."

"Nawe unaona likipasuka?"

"Naona cheche arobaini kwa dakika, kama alivyosema."

"Alisema kabla hujahesabu?"

Ottilie akaacha kutafuna. "Mama nawe! Kesho anakuja mgeni kutukagua. Ataweka madini kisandukuni, au atakiacha kitupu, na hatatuambia. Nikikosea, kazi sina."

"Basi sikia. Vita vilipoisha nilikwenda stesheni kila siku kumngoja baba yako, ambaye hakurudi. Nilimwona mara kumi na saba. Mmoja nikamshika hadi mkono, maskini, mume wa watu! Sikuwa mwongo, mwanangu. Hamu ndiyo iliyomtia machoni mwangu."

"Kumbe ndiyo maana hujawahi kunisindikiza stesheni."

"Kula keki."

Jumatatu Walburga alishona kifungo kimoja mara tatu, akikifumua. Ottilie alirudi jioni, macho mekundu.

"Niliona cheche mbili, Mama. Roho ilitaka arobaini. Nikasema mbili."

"Na kisanduku?"

"Kitupu! Wenzangu waliona thelathini na nane."

"Yesu wangu. Na kazi?"

"Daktari kaninunia, hata kwaheri hakuitika. Ila mgeni amemwambia mbele yetu: huyu arudi kesho, na asiambiwe neno."

Walburga alichovya kitambaa katika maji ya maua ya kamomili, akamlaza bintiye mapajani kama alipokuwa mdogo, akamfunika macho.

"Unaona nini?"

"Sioni kitu, Mama."

"Hapo sawa. Lala."